Mkanda wa Mwalimu Yohane

Ijumaa, 2 Julai 1976

Siku kubwa! Mhadhara wa mwisho wa Mwalimu Yohane umepigwa sinema.

Haukupigwa. Naandika ukweli humu kwa sababu hakuna mwingine anayesoma.

Mambo yalivyokuwa. Mimi, Liberatus, mwanachuo wa mwaka wa pili, ndiye mwanzilishi na mwenyekiti wa Huduma ya Sinema ya Wanachuo. Tuna kamera ndogo aliyotuachia mwalimu mmoja wa kigeni aliporudi kwao. Tunapiga mihadhara, michezo na mahafali. Yaani tungepiga. Mkanda wetu wa mwisho niliuharibu mwezi uliopita, nilipofungua kamera juani kuwaonyesha wa mwaka wa kwanza jinsi inavyokula picha. Mkanda mpya haujaja. Betri za kamera nazo zimo kwenye redio ya Andendekisye, mwenzangu wa huduma na wa chumba, kwa sababu ya mpira wa Jumapili.

Ningesemaje? Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Bwana Magesa, Mkuu wa Chuo, ameshasimama na kutangaza kwamba Mwalimu Yohane anastaafu baada ya kufundisha walimu tangu wakoloni wapo, na kwamba leo, kwa juhudi za vijana wetu, ataingia kwenye mkanda asipotee tena. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nikainamia kamera.

Taabu moja. Kamera hii ikifanya kazi hunguruma, na kila mtu chuoni anajua. Bila betri iko kimya kama jiwe. Nikaanza kunguruma mwenyewe. Krrrrrr. Kwa midomo, uso nyuma ya kamera. Mhadhara mzima! Sijui Mwalimu alisema nini. Midomo imekufa ganzi, hata uji wa jioni umenishinda.

Lakini kuna ushindi. Damari hakuwamo. Damari wa darasa letu ana tepu, anarekodi sauti za mihadhara, na wanachuo wanamkimbilia kwa sababu kazi yake husikika siku hiyohiyo. Nilimwambia Mkuu kwamba sumaku ya tepu hudhuru kamera. Mkuu akaamini. Damari akatolewa nje na tepu yake kwapani, akinitazama.

Mwisho Mkuu akauliza mkanda utakuwa tayari lini. Andendekisye alifungua kinywa. Nikamkanyaga. Nikasema Jumamosi ijayo. Makofi!

Jumamosi, 3 Julai

Nimeshuka mjini kwa Ashok, mwenye studio ya picha karibu na Mlandege. Nimemwomba mkanda. Akacheka. Anasema mikanda ya sinema haijaonekana Iringa tangu masika, na hata ningeupata, husafishwa Nairobi, na Nairobi huchukua mwezi. Nikamwambia mimi nimeahidi wiki. Akaniuliza nimemwahidi nani. Nikasema Mkuu wa Chuo. Akaita mama yake kutoka nyuma ya pazia, mama mzima anayeitwa Shobha, aje anione. Wakanitazama wote wawili. Mama akanipa chai ya maziwa kama mtu aliyefiwa.

Ashok ana neno moja la maana. Kule Uyole, Mbeya, kwenye utafiti wa kilimo, yuko bwana Philbert anayepigia wakulima sinema. Ana mikanda. Pengine ana hata iliyokwisha kusafishwa.

Iliyokwisha kusafishwa! Kichwa changu kimeanza kufanya kazi.

Jumapili, 4 Julai

Baada ya ibada Mwalimu Yohane alikuja bwenini mwenyewe. Mfupi, koti lake la kahawia, kofia mkononi. Nilidhani amejua. Nilitaka kupita dirishani.

Hajajua. Amekuja kushukuru. Anasema mama yake mzazi, Bibi Kalista, atakuja Jumamosi kutoka Igowole. Bibi ana miaka isiyohesabika. Hajawahi kumwona mwanawe akifundisha, hata siku moja. Ijumaa alikuwa aje, miguu ikakataa. Sasa amesikia kuna sinema, na amesema hata kwa kubebwa atafika.

Mwalimu akasema, “Liberatus, umenifanyia jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kumfanyia mama.” Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Sikula mchana.

Andendekisye anasema twende kwa Mkuu tukaseme kweli leo leo, kabla bibi hajapanda basi. Kwao Rungwe, anasema, mtu aliyekosa huenda na jogoo, anapokelewa. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana wanachuo wawili walirudishwa makwao kwa kughushi ruhusa ya kwenda mjini tu. Kughushi ruhusa! Sisi tumeghushi mhadhara. Baba yangu kule Ludewa ameshawaambia majirani kwamba mimi ni mwalimu kamili, na wanamsalimia hivyo: Baba Mwalimu. Jogoo gani atalipia hilo?

 Andendekisye alitoa betri kwenye redio yake akaziweka kitandani kwangu. Nadhani alikuwa ananisema.

Jumatatu, 5 Julai

Nimeingia ofisini kwa Mkuu. Nimesema mkanda umesafishwa vizuri sana, ila kifurushi kimepitishwa Iringa kwa bahati mbaya kikaenda kushushwa Mbeya. Nitakifuata mwenyewe sikukuu ya Saba Saba. Nilitegemea maswali. Mkuu akaandika ruhusa papo hapo, akaniita kijana wa kuigwa. Kisha akasema Afisa Elimu naye amekubali kuja Jumamosi. Anataka kuona kama kila chuo kianzishe huduma kama yangu.

Jasho, na Iringa Julai hii ina baridi ya kupasua midomo.

Kwenye korido nimekutana na Damari. Akaniuliza kwa upole mkanda wetu una sauti. Nikasema sinema yetu haihitaji sauti, picha inajitosheleza. Akasema, “Sawa, Ndugu Mwenyekiti,” akaenda zake. Upole ule siupendi.

Jumatano, 7 Julai. Uyole

Nimefika jana kwa lori la mafuta liendalo Zambia. Nimelala kwa shangazi yake Andendekisye, aliyenilisha ndizi mpaka nikaomba radhi.

Philbert nimempata kwenye maonyesho ya Saba Saba. Mrefu, kofia ya majani, anamwita kila mtu mdogo wangu. Anao mkanda mmoja mpya, zaidi ya ule ulio kwenye kamera yake. Anayo pia sinema iliyokwisha kusafishwa: bwana shamba akiwafundisha wakulima habari za viazi mviringo, mbele ya ubao. Nikaomba kuitazama. Akaiwasha ndani ya banda, kwenye shuka.

Bwana shamba ni mfupi! Ana koti la kahawia! Na sehemu kubwa ya sinema ameipa kamera mgongo, anaandika ubaoni!

Nilikaribia kumkumbatia Philbert.

Akakubali kuniazima sinema na kunipa ule mkanda mpya, kwa sharti. Kuna fahali wa maonyesho anayetakiwa kupigwa picha, na hakuna anayetaka kumshika kamba. Ningemshika? Nikasema kwetu tuna ng'ombe. Hatuna. Tuna mbuzi.

Wa kwanza kuondoka alikuwa fahali. Wa pili mimi, kwa tumbo, kamba mkononi. Tumepita banda la asali, tumepita mbele ya meza ya waheshimiwa, tukaingia kwenye mahindi ya mfano. Kijana mmoja wa Kisukuma, Nkuba, ambaye wazazi wake wamehamia Usangu na ng'ombe wao, alikuja akitembea tu, akampigia fahali mluzi, fahali akasimama. Akaniuliza kwa nini sikuachia kamba. Swali zuri. 

Philbert anasema ni sinema bora kuliko zote alizopata kupiga.

Goti limevimba. Suruali haina tena upande wa mbele. Lakini sinema iko kifuani mwangu.

Alhamisi, 8 Julai

Nimerudi. Tumejifungia stoo ya ukumbi, mimi na Andendekisye, na mkasi. Kazi ni kuondoa viazi. Andendekisye anashika sinema kwenye mwanga wa dirisha, mimi nakata. Anapinga kila ninapokata. Anasema tumeazimwa kitu kizima. Nikamwambia tutaunga.

Bwana shamba huyu ana ugonjwa. Kila akigeuka ana kiazi mkononi! Anaandika, mgongo safi kabisa, roho inatulia, halafu anageuka: kiazi. Nimekata, nimekata. Kilichobaki ni mgongo, mgongo, mkono ubaoni, mgongo. Vizuri sana. Nitaeleza mwenyewe kwa mdomo: hapa Mwalimu anaeleza hiki, hapa kile. Na ule mkanda mpya nimeuweka kwenye kamera, na betri zake. Jumamosi nitampiga picha Bibi Kalista akitazama. Afisa Elimu atasahau kila kitu.

Mlango ukafunguliwa. Damari.

Vipande vya sinema sakafuni, mkasi mkononi mwangu. Hakushangaa. Akasema Ijumaa ile, alipotolewa, alizunguka nje akaweka kipaza sauti chake dirishani, chini ya kamera yangu. Anao mhadhara wote. Juu ya sauti ya Mwalimu kuna kamera inanguruma vizuri tu, halafu kamera inameza mate. Halafu inapiga chafya. Halafu inaendelea.

Andendekisye alitazama dari.

Damari hakucheka. Ningependa angecheka. Akasema, “Yule bibi anatoka Igowole. Nenda kwa Mwalimu leo, umwambie. Mimi nitaleta tepu, asikie angalau sauti ya mwanawe. Hakuna atakayefukuzwa kwa kusema kweli mapema.”

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba Huduma ya Sinema haiokolewi na redio.

Akasema basi yeye hatanisemea. Lakini tepu ataileta.

Ijumaa, 9 Julai

Nimekwenda mpaka mlangoni kwa Mwalimu Yohane. Kweli nimekwenda. Nimesikia anaimba ndani huku anafunga mizigo yake. Nikabisha hodi. Akafungua, akafurahi, akanionyesha kiti alichomwandalia mama, chenye mto wa kitambaa chekundu, akaniuliza kiwekwe umbali gani na shuka ili bibi aone vizuri.

Nikamwambia mbali. Macho ya wazee huona vizuri kwa mbali.

Nikaondoka. Nimejiona mwoga, kisha nikajiona mwerevu, kisha mwoga tena. Andendekisye hasemi nami. Ameandika jina lake upya kwenye kikombe chake cha chai, kubwa zaidi, kana kwamba kuna mtu angekichanganya na changu.

Jumamosi, 10 Julai



Ukumbi ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya bwenini. Mkuu mbele, Afisa Elimu pembeni yake na miwani yake. Kisha akaingia Bibi Kalista, mdogo kama mtoto wa shule, kaniki mbili, kilemba, fimbo. Ukumbi ukasimama. Akasalimia kila safu, “Kamwene! Kamwene!” na safu zikajibu. Mwalimu Yohane akamkalisha kwenye kiti chenye mto. Mbali, kama nilivyoagiza. Bibi akasema hapana. Akataka kukaa mbele kabisa, na kiti kikasogezwa mpaka karibu aguse shuka.

Nikawasha projekta ya chuo. Mgongo wa koti la kahawia. Makofi! Nikaanza kueleza: hapa Mwalimu anatukumbusha wajibu wa mwalimu kijijini. Mgongo. Hapa anaeleza subira darasani. Mgongo tena. Mkuu akatikisa kichwa kwa furaha. Nikaanza kupumua.

Bibi Kalista akainuka kitini. Akaisogelea shuka mpaka kivuli cha kilemba kikaanguka juu ya ubao. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu sokoni:

“Huyu si Yohane.”

Nikasema, bibi, ni mwanga unadanganya.

“Yohane anaandika kwa kushoto. Nilimpiga sana utotoni aache, hakuacha. Huyu wa kulia ni mtoto wa nani?”

 Miaka miwili nimekaa mbele ya ubao wa Mwalimu Yohane! Miaka miwili, na sikuwahi kuutazama mkono wake!

Na hapo, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umetetemeka mahali fulani kwenye kukata, bwana shamba akageuka. Uso mgeni, masharubu, tabasamu. Akainua kiazi juu kabisa, akakionyesha ukumbi wote.

Kulikuwa na kicheko kifupi. Mkuu alisimama. Nikanyakua kamera nikaingia stoo, nikafunga mlango.

Kupitia ufa niliona yote. Mkuu alikuwa anaita jina langu. Mwalimu Yohane alikuwa amekaa, kofia gotini, anatazama shuka tupu, na sijawahi kumwona mtu mzima akionekana kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Damari akapita katikati ya ukumbi, akaweka tepu mezani, akaomba ruhusa. Mkuu akatikisa mkono tu.

Sauti ya Mwalimu ikajaa ukumbi. Na juu yake, krrrrrr. Watu wakatazamana. Krrrrr, kumeza mate, krrrrr, chafya! Ukumbi ukapasuka. Bibi akauliza ni mdudu gani. Hata Afisa Elimu alivua miwani kufuta macho. Mimi stoo nilitafuta dirisha. Lina nondo. Kuna mifagio.

Kisha Bibi akainua fimbo. Tepu ikazimwa. Akamgeukia mwanawe. Alisema kwa Kiswahili cha kwetu huku, taratibu, tukasikia wote. Kwamba wakati wa kisomo cha watu wazima kule Igowole wenzake wote waliingia darasani, wazee kwa vijana, na viongozi walimfuata nyumbani mara nyingi. Yeye alikataa. Aliwaambia, mwalimu wangu yuko Iringa, anafundisha watu, akimaliza atakuja.

“Sasa umemaliza,” akamwambia. “Mimi je?”

Mwalimu Yohane akainuka. Alikwenda ubaoni polepole. Akachukua chaki, kwa kushoto. Akaandika K kubwa. Akasema darasa lisome. Na ukumbi mzima, Mkuu, Afisa Elimu, wapishi waliokuwa mlangoni, wote wakasoma. Akaandika A. Wakasoma. Mpaka jina lilipokwisha ubaoni, Kalista, akampa mama yake chaki. Bibi akaishika kama anayeshika kijiti cha moto. Akaandika K. Mguu mmoja wa K ulikwenda mbali peke yake. Mwalimu hakuufuta. Alisema ndivyo, ndivyo hasa.

Nililia. Kati ya mifagio, nililia.

Na kamera ilikuwa mikononi mwangu! Mkanda mpya ndani! Betri ndani! Mlango ulihitaji kusukumwa tu. Lakini Mkuu alikuwa amesimama karibu na mlango huo, nami nilikuwa naogopa viatu vyake. Nilipotoka, Bibi alikuwa anapanda gari la Afisa Elimu, na ubao ulikuwa umeshafutwa na mwanafunzi wa zamu.

Jumapili, 11 Julai

Hukumu. Mkuu alinisimamisha ofisini bila kunikalisha. Alisema jana usiku alishaandika barua ya kunirudisha Ludewa. Alinionyesha. Kisha akaichana mbele yangu, kwa sababu Mwalimu Yohane alikuja asubuhi kuniombea. Mwalimu alisema mtu aliyenguruma mhadhara mzima kwa midomo ana bidii, tatizo lake ni mahali pa kuipeleka.

Kamera imekabidhiwa kwa Damari. Huduma mpya itaitwa Sauti na Picha. Andendekisye ni katibu. Mimi nitalima shamba la chuo hadi muhula uishe.

Nilikwenda kuaga kwa Mwalimu. Mizigo ilikuwa nje. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyapanga vizuri. Hayakutoka. Akanisaidia. Akaniuliza kama viazi vya Uyole ni vizuri kama wanavyosema. Nikasema sijui, sikuvionja. Akacheka, akapanda basi la Igowole, kwenda kufundisha herufi ya pili.

Andendekisye ameunga sinema ya Philbert kwa gundi na kuituma. Anasema kipande kimoja amekiunga kichwa chini, na hajutii.

Nimeapa. Sitadanganya tena.

Jumatano, 14 Julai

Nikiwa shambani na jembe, Ashok alisimamisha baiskeli barabarani. Anasema binamu yake anaoa mwezi ujao, familia itatoka Mbeya na mpaka Dar, na baba wa bwana harusi, mzee Himmat, angependa harusi ipigwe sinema. Mikanda wameagiza wenyewe kwa ndugu wa Nairobi. Akauliza kama namfahamu mtu.

Nilitazama jembe. Nilitazama Ashok. Hapa hakuna uongo wowote. Ameuliza kama namfahamu mtu, na mimi najifahamu.

Nimekubali. Kamera iko kabatini kwa Damari, na ufunguo wa kabati anauvaa shingoni. Hilo ni dogo. Kesho nitamwambia Damari kwamba kutu ya shaba hudhuru shingo.